Mteremkoni

Niliinunua Sohar kwa mtu aliyekuwa na haraka,
na sikumuuliza haraka ya nini.
Datsun ya mwaka sabini na nane, milango miwili,
pua ndefu, makalio mafupi,
rangi ya chungwa lililolala dukani wiki moja zaidi.

Alfajiri, Wadi Kabir kabla jua halijapanda majabali,
funguo nusu tu, inanguruma.
Saa saba mchana, kituo cha mafuta cha Al Khuwair:
tiki.
Tiki, basi, kama ulimi wa mtu aliyechoka kukujibu.
Nyuma Landkruza tatu zinapiga honi
nami naomba mabega ya watu
niliowapita kwa mbwembwe nikija.

Nikafungua daftari.
Jumapili, joto arubaini na tatu, imekataa.
Jumatatu, arubaini na tano, imekubali.
Jumanne, natoka msikitini na udhu wangu, imekataa.
Alhamisi nimeitukana, imekubali.
Nani atatoa hukumu hapo?

Kwa Baburaj gereji iliwaka mara kumi na nne mfululizo,
kama mtoto anayesoma juzuu mbele ya wageni
na jana usiku hakuijua hata alifu.
"Kharban mafi," akasema, hapana ubovu,
akanitazama mimi kuanzia kofia hadi makubadhi
kama anayetafuta ubovu uliko.

Tukabadilisha betri. Riali thelathini na mbili.
Tukabadilisha stata. Riali sabini,
na ile kuukuu nikarudishiwa ndani ya mfuko wa mchele.
Plagi nilizibadilisha kwa hasira tu, hazikuwa na kosa.
Tiki.

Zuwena, mke wangu, amesomesha fizikia
skuli ya wasichana Seeb miaka ishirini na sita.
Aliniangalia nikihesabu noti, akasema:
"Unabadilisha vyombo. Njia umeipima?"

Ijumaa baada ya wali, kanzu nimeifunga kiunoni,
boneti limeniunguza kiganja,
yeye kitini na funguo, mguu mmoja nje ya mlango.
"Ncha moja kwenye hasi ya betri.
Ya pili kwenye chuma cha injini, si kwenye rangi. Tayari?"
"Tayari."
Tiki.
Mita ikasema nne.
"Nne nini?"
"Volti."
"Zimekwenda wapi?"
"Zimepotea. Kwenye waya usiofika dhiraa."
Akanyamaza, kama anavyomnyamazia mwanafunzi
ambaye jibu liko mdomoni mwake.

Waya huo Baburaj anauita ardhi, nasi tunauita ardhi;
mimi na yeye hatujapata kuelewana bei,
lakini hapo tumeelewana.
Nikafungua boliti. Chini ya nati, rangi ya chungwa.
Aliyeipaka gari hii aliipaka hadi tumboni,
kisha akaikaza ardhi yake juu ya rangi,
na chini ya rangi, kutu ya kijani.
Asubuhi umeme ulijipenyeza kwenye ufa.
Mchana, stata ikiwa moto na njaa yake kubwa,
ufa haukutosha.

Nikasugua kwa msasa hadi chuma kikawa cheupe kama jino,
nikapaka vaselini, nikakaza.
"Piga."
Ikawaka. Tukaizima. Ikawaka.
Mara tisa, na jua limesimama utosini.
Mita: sifuri nukta mbili.
Zuwena akafuta vidole kwa leso, akaingia ndani kuosha vyombo.

Ila ugonjwa wa kuja na kwenda hauagi.
Kilichopona na kilichonyamaza
vina sauti moja.
Daftarini sasa mna "imekubali" arubaini na moja,
na bado kila jioni naiegesha mteremkoni,
gia ya pili, pua imeelekea raundabauti.

Zuwena ameona. Hajasema neno.
Yaris yake, iliyozoea kulala mbele ya geti,
siku hizi anaiweka ng'ambo ya barabara
ili chini yangu pawe peupe.